Ila ya Pikapu na Ila ya Muuzaji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, katika darasa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza suala ambalo wengine walilicheka. Aliuliza: mtu akiuziwa gari lenye ila iliyofichwa, je, yamfalia naye kulisafisha na kuliuza vile vile alivyouziwa? Waliocheka walidhani ni mzaha. Mimi sikucheka, kwani siku gari lile liliponunuliwa nilikuwapo, na mimi ndiye niliyemwambia: nunua.

Kijana huyu ni mchuuzi wa ndizi na viazi hapa Mombasa. Alikuwa amedunduliza fedha zake, na nyengine amekopa kwa mjomba wake, apate gari lake mwenyewe la kuchukulia mizigo. Akaambiwa kuwa pikapu kuukuu zapatikana kwa wingi huko Meru na Embu. Na maneno hayo ni kweli, kwani nchi ile ni ya milima na mashamba, na watu wake huchukua kwa pikapu ndizi, viazi, maziwa, miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere. Akaniomba nifuatane naye, nikakubali. Tulipita Nairobi, tukashika njia ya Embu, Chuka, Chogoria na Nkubu, mpaka tukafika Meru.

Tulionyeshwa Hilux ya dizeli ya zamani. Mwenyewe alikuwa Muislamu mwenzetu. Tuliswali naye Adhuhuri safu moja, akatukirimu chai, akataja jina la Mwenyezi Mungu mara nyingi katika mazungumzo yake. Alipofunua boneti, injini yang'ara kama sahani mpya. Kijana akanitazama. Nikamwambia: “Huyu ni mtu wa msikitini, nunua.” Akatoa shilingi 650,000.

Huko Meru, kwenye baridi, gari halikutona hata tone. Tulipofika Mtito Andei tuliona doa jeusi chini yake. Tulipofika Mombasa doa likawa kidimbwi. Fundi wetu akaingia chini, akatoka na mikono myeusi, akasema: “Gari hili limeoshwa, likapakwa gundi kwenye maungio, likatiwa oili nzito kama asali. Sili ya nyuma ya krenki imekwisha, na ya mbele yavuja.” Kijana akaona haya kunambia. Akalitumia hivyo hivyo muda wa miezi miwili, kila siku akiongeza oili, mpaka deni la mjomba likamsonga. Ndipo akaja na suala lake. Akasema: “Maalim, ila hii sikuitia mimi, nimeikuta. Nikilisafisha nikaliuza, nimefanya nini zaidi ya nilivyofanyiwa?”

Jawabu ni kuwa haimfalii. Dhuluma uliyofanyiwa na mtu wa Meru haikuhalalishii mali ya mtu wa Kisauni. Aliyekudhulumu ni mmoja, na huyo unayetaka kumuuzia hana habari yenu. Ukimtwika yeye hasara yako, hukulipiza kisasi. Umeanzisha dhuluma mpya, na yule wa kwanza umemfanya mwalimu wako.

Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Akamuuliza mwenye mali sababu yake. Akajibu kuwa ni mvua. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake. Tazameni vizuri: mtu yule hakuilowesha nafaka yake. Mvua ilinyesha, na mvua haina lawama. Kosa lake ni kule kuweka kavu juu na mbichi chini. Basi na kijana wetu vivyo hivyo: kuvuja hakukutoka kwake, lakini kuosha na kuficha kutatoka kwake.

Na hadithi nyengine, ambayo Bukhari na Muslim wote wameipokea, yakataza kufunga viwele vya ngamia na kondoo siku za mnada ili maziwa yajae na mnunuzi adanganyike. Aliyeuziwa mnyama kwa hila hiyo amepewa khiari: akipenda amweke, na akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende. Ndugu zangu, oili nzito iliyotiwa katika injini iliyochoka ni kile kiwele kilichofungwa. Maziwa yaonekana ya leo, na kesho hayako.

Watu husema: “Mimi nauza kama lilivyo, ukishalitoa uani kwangu usinirudie.” Hudhani neno hili ni ngao. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji, kitabu ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, kwamba sharti la kujivua na ila halimwokoi muuzaji ila kwa ila ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Na gari si mnyama. Hata Ibn Umar (R.A.), naye ni nani katika uchaji, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kama hilo, mnunuzi akalalamika kwa Sayyidna Uthman kuwa ana maradhi. Uthman akamtaka Ibn Umar aape kuwa aliuza bila ya kuyajua. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa. Habari hii imo katika Muwatta ya Imamu Malik.

Huenda mtu akauliza: mbona basi kijana hakulirudisha kwa mwenyewe? Haki ya kurudisha alikuwa nayo, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafi'i haki hiyo ina haraka yake. Mnunuzi akishaijua ila, na akaendelea kukitumia kitu bila ya udhuru, ni kama aliyeridhika nacho. Kijana wetu aliijua ila siku ya kwanza, akaendesha miezi miwili. Haya ilimfunga mdomo, na haya isiyo mahali pake ni hasara. Basi mwenye kugundua ila leo, leo aache kukitumia kitu na amjulishe muuzaji, wala asingoje mwisho wa mwezi.

Sasa nataka kusema na wanunuzi, kwani nao wana sehemu yao. Wako wanaoingia gari wasilolikagua, wakatundika hirizi kwenye kioo, wakafukiza ubani chini ya usukani, kisha wakasema wamemtegemea Mwenyezi Mungu. Hiyo si tawakkuli. Mwenye ngamia huamrishwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Fedha uliyompa mwenye hirizi ungempa fundi akaingia chini ya gari, ungejua unanunua nini. Mimi, baada ya aibu iliyonipata, nilikaa na mafundi wawili nikajifunza, na haya ndiyo niliyoyapata:

Kwanza, lione gari likiwa baridi na chafu. Mwambie mwenyewe kabla hujafika asilioshe injini wala asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, amelipasha moto kabla yako. Na ukikuta injini yang'ara ilhali gari lenyewe lina vumbi la Nyambene, jiulize kilichooshwa ni nini. Vumbi kavu lililoshikana ni shahidi wa kweli. Injini iliyosafishwa jana haina ushahidi wowote.

Pili, tazama pahala gari lilipolala, si pale ulipoonyeshwa. Tandaza chini yake boksi lililofunuliwa, ulilaze usiku mmoja. Asubuhi soma rangi na harufu. Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi, nayo yateleza. Oili ya giaboksi ni nzito na yanuka kama kiberiti. Nyekundu aghalabu ni ya usukani. Maji ya rejeta yakiwa na dawa huwa ya kijani au ya waridi. Dizeli hujulikana kwa harufu yake. Ama majimaji mepesi yaliyo karibu na gurudumu, au chini ya kanyagio la breki, huenda yakawa ya breki, na hayo si jambo la bei bali ni la roho. Njia ya Meru ina makorongo na miteremko. Mwezi wa Julai 2022 basi lililokuwa likija Mombasa kutoka Meru liliporomoka kwenye Daraja la Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Gari la breki zenye kuvuja lisiendeshwe hata kupelekwa kwa fundi. Fundi ndiye aletwe.

Tatu, tafuta chanzo wala usidanganywe na pale patonapo. Oili hushuka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma; kwa hivyo tone laweza kuanguka kwenye giaboksi na asili yake ikawa kule juu mbele. Anza juu, utafute pahala pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipo na umaji. Ukiwa hujui bado, pafutwe pakauke, panyunyizwe poda, kisha gari liendeshwe nusu saa na kutazamwa tena. Poda itakuonyesha njia kama mchanga unavyoonyesha unyayo.

Nne, pima uzito wa ila. Gasketi ya kifuniko cha juu ya injini ikivuja, oili huteremkia eksosi na kutoa harufu ya kuungua. Dawa yake ni rahisi. Nati ya sampu, filta, na swichi ya oili ni mambo madogo vile vile. Lakini umaji ukiwa pale injini inapokutana na giaboksi, huenda ni sili ya nyuma ya krenki. Sili yenyewe ni kitu kidogo, ila haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe, na huo ujira ndio mzito. Na oili ikiingia kwenye klachi, klachi huteleza. Umaji ukiwa mbele, nyuma ya puli ya krenki, jihadhari zaidi katika Hilux hizi za dizeli za injini za 2L, 3L na 5L, kwani zina mkanda wa mpira ndani unaokwenda sambamba na krenki na valvu. Oili huozesha mpira. Mkanda ukikatika njiani, pistoni hupiga valvu, na injini yote ikaharibika.

Tano, na hili ndilo kubwa: injini ikiwa yanguruma, fungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi kidogo si ajabu kwa injini kuukuu. Lakini ukiona wapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda ngazi, ringi zimechoka. Pumzi ya moto yapenya chini ya pistoni, na ndiyo inayosukuma oili itoke kwenye kila sili. Hapo ukibadilisha sili moja itavuja nyengine, kwani ugonjwa hauko kwenye sili. Tazama na moshi wa eksosi: wa samawati ni oili iungulayo. Uchomoe na ufito wa kupimia oili. Ikiwa nzito kupita kiasi, uliza kwa nini. Ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, nawe rudi kwenu.

Sita, taa ya oili. Ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha, taa nyekundu ya oili lazima iwake. Ukishawasha, izime baada ya muda mfupi. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa waya, kama mtu aliyemziba mdomo shahidi.

Saba, kumbuka hali ya nchi. Meru na Embu ni nchi za juu, za baridi. Huko oili huwa nzito na hushikamana. Ukiteremka nayo pwani kwenye joto, huwa nyepesi, na ufa uliokuwa umenyamaza husema. Kwa hivyo usitosheke na kulitazama gari limesimama huko mlimani. Liendeshe mpaka lipate moto barabara, lipandishe kilima, kisha ndipo uinamie chini yake.

Na wewe mnunuzi ukishayajua haya, usiyafanye silaha ya kudhulumu. Wako wanaoona gasketi ndogo yavuja wakampigia mwenye gari kelele kuwa injini imekufa, ili ateremshe bei kwa hofu. Nabii Shuaib (A.S.) aliwakataza kaumu yake kupunja vipimo, na akawakataza pia kuwapunguzia watu vitu vyao. Kusema chema cha mtu ni kibovu ili ukipate rahisi ni kupunja kwa ulimi. Na dalali anayemleta rafiki yake ajifanye mnunuzi, apandishe bei asiyokusudia kuitoa, naye amefanya alilolikataza Mtume (S.A.W.).

Sasa nirudi kwangu, kwani mwenye kuwahutubia wenzake hana budi kuanza na nafsi yake. Imesimuliwa kuwa mtu mmoja alimshuhudia mwenzake kwa wema mbele ya Sayyidna Umar. Umar akamuuliza: je, umekuwa jirani yake? Umesafiri naye? Umeuziana naye kwa dinari na dirhamu? Kwa yote akajibu la. Umar akamwambia kuwa labda amemuona msikitini tu akiinua kichwa na kukiinamisha, basi hamjui. Mimi habari hii nimeisomesha mara nyingi. Na siku ile Meru, kwa rakaa nne na kikombe cha chai, nilimshuhudia mtu nisiyemjua, na kijana akatoa fedha si kwa kuwa aliliamini gari bali kwa kuwa aliniamini mimi. Kilemba changu ndicho kilichoifunika ila ile kuliko gundi na oili nzito. Enyi wenzangu mnaosomesha, mwenye kuulizwa shauri ameaminiwa. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, halipunguzi heshima.

Nilimwambia kijana haya yote mbele ya darasa. Kisha tulimpigia simu muuzaji. Akasema aliuza kama lilivyo, akakata. Hatumtaji jina, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Twamwombea atubu na dunia ingaliko. Kijana akaandika karatasi: sili ya nyuma yavuja, sili ya mbele yavuja, mkanda ulioko haujulikani umri wake, oili yaongezwa kila siku. Mnunuzi wa kwanza akaisoma akaondoka. Wa pili akacheka, akasema hajapata kuona mtu anayejiharibia soko. Siku kumi na moja zikapita. Wa tatu alikuja na fundi wake, wakalitazama gari lote, wakakuta kila kilichoandikwa kipo na kisichoandikwa hakipo. Akatoa shilingi 540,000.

Hasara ni shilingi 110,000, mbali na gharama za oili. Mimi nilichukua nusu ya hasara hiyo, nami nailipa kidogo kidogo. Sheria haikunilazimisha, lakini niliona vigumu kusimama mbele ya darasa nikisomesha mlango wa mauzo ilhali kijana aliyeninyamazia miezi miwili kwa haya abebe peke yake kosa langu.

Sikuambieni, ndugu zangu, kwamba mwenye kusema kweli hupata faida papo hapo. Kijana huyu hakupata. Bado anachukua ndizi kwa gari la kukodi, na deni la mjomba halijesha. Lakini Mtume (S.A.W.), kwa mapokezi ya Hakim bin Hizam, ametufundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha, mauzo yao hubarikiwa, na wakificha na wakasema uwongo, baraka hufutwa. Hakutuahidi wingi, ametuahidi baraka. Wahenga wetu nao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila ya gari huweza kufichwa mpaka Mtito Andei. Ila ya muuzaji huweza kufichwa mbali zaidi, mpaka siku ambayo hakutakuwa na boneti ya kufunika kitu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku ya halali, atuepushe na kughushi na kughushiwa, na awafanye wafanya biashara wetu, wa pwani na wa bara, kuwa watu ambao neno lao latosha. Amin.